Mita Niliyomwinulia Baba Mkwe

Mshauri wa gazeti letu, shikamoo. Nimekwama mahali ambapo siwezi kumuuliza mtu yeyote wa hapa kitongojini, maana kila mtu yumo ndani ya jambo lenyewe.

Mimi ni fundi bomba, nimeolewa nje kidogo ya Sumbawanga, na maji yetu yanatoka kwenye chemchemi yanaingia kwenye tangi, kisha bomba moja linakuja kwetu na jingine linakwenda kwenye birika la ng'ombe la Shija na mkewe Kabula, wenzetu waliohamia hapa na mifugo yao kutoka Shinyanga. Mwaka huu tangi likawa linakauka mapema, jumuiya ya watumia maji ikanipa kazi ya kufunga mita kwenye kila bomba tujue nani anatumia kiasi gani, na kazi ya kuzisoma wakampa baba mkwe wangu, mzee Zenon, ambaye ndiye anayefungulia maji asubuhi na jioni.

Sasa mzee ana mgongo mbovu, na bomba letu linapita juu ya ukingo wa mawe, mita yake anaisoma akiwa amesimama, lakini la birika linapita chini, nami sikuweza kuvumilia kumwona baba wa mume wangu akichuchumaa kila siku wakati sisi wakamwana ndio tunaompigia magoti, basi nikalipandisha bomba, nikafunga mita usawa wa macho yake, nikalishusha tena ardhini. Akaigusa, akasema, "Mwanangu, umenifikiria."

Mita hiyo inasoma maji mengi mno. Shija alicheka mbele ya watu, akasema, "Mzee, ng'ombe wangu wangekunywa yote hayo wangekuwa viboko." Mzee hakucheka. "Mita hiyo kaifunga mkamwana wangu," alisema. "Tafuta mwingine wa kubishana naye."

Tangu siku hiyo Kabula hajakanyaga kwangu, naye ndiye aliyeniletea maziwa kila asubuhi nilipojifungua, bila kuombwa, na Jumapili baada ya misa kuna kikao cha kuamua bomba la birika lifungwe. Wiki iliyopita nilimsindikiza mzee kufungulia maji, nikasikia bomba linakohoa, nikaona kimshale cha mita kinazunguka mbio na birika pale chini bado kavu, nikajua ni hewa, maana maji yakifungwa, bomba pale juu penye mita hubaki tupu, yakifunguliwa yanaisukuma hewa nayo mita inaihesabu kama maji. Nikisema, namwaibisha mzee aliyenisimamia. Nikinyamaza, ng'ombe wa watu watakosa maji. Mume wangu Cleophas ananiambia nisubiri mvua, mambo yatapoa. Nifanyeje?

Leonia

*

Leonia, marahaba. Mume wako ni mtu mwema, lakini katika hili usimfuate. Mvua haitengenezi bomba.

Nilimpigia fundi mmoja wa Namanyere aliyezeeka na kazi hii, nikamsomea barua yako. Akasema, "Huyo mama kosa analijua. Anachotafuta ni ruhusa." Nakubaliana naye.

Heshima iliyokufanya uipandishe mita sitaigusa. Lakini mita hukaa pale bomba linapojaa, si pale jicho linapofika, na hilo ulifundishwa. Tena tangu wiki iliyopita umemwacha mzee atetee kitu unachojua ni kibovu. Hapo sikuonei huruma. Unasema unaogopa kumwaibisha, kumbe wewe ndiye unayemwandalia aibu: siku Shija atakapoleta pipa apime mwenyewe, atakayekuwa amesimama pale ni Zenon.

Nenda kwake leo, nyumbani, mkiwa wawili. Usianze na habari za hewa. Mwambie, "Baba, nilikosea mahali pa kuifunga." Asipokuamini, na huenda asikuamini, tafuta pipa ambalo mnaujua ujazo wake, mlijaze kupitia mita hiyo mara tu maji yanapofunguliwa, naye asome mwenyewe.

Kisha ishushe. Jenga shimo lenye mfuniko, bomba lipite chini na lipande kidogo baada ya mita, ili maji yabaki yamejaa hata koki ikifungwa. Mita ilale, uso wake juu, mshale uelekee yanakokwenda maji. Acha kipande kilichonyooka kabla yake na baada yake, usiibane kwenye kiwiko cha bomba wala karibu na koki. Tanguliza chujio, maana mchanga wa chemchemi huila mita ndani kwa ndani, na ulisafishe kila unapoona maji yamepungua nguvu. Bomba likiwa na mwinuko mwingine huko mbele, weka hapo valvu ya kutolea hewa. Mgongo wa mzee tumeusikia: uiname wewe umsomee tarakimu, au umjengee ngazi na umwekee kigoda.

Ukitoka kwa mzee, pitia kwa Kabula. Usibebe zawadi. Mwambie ulichoniambia mimi.

Jumapili usimwachie mtu akusemee. Simama, sema ni wewe, kwa sauti itakayomfikia Shija alipokaa, na uombe bomba lisifungwe mpaka mita isomwe upya. Watu watakutazama, na hilo utalivumilia. Mzee Zenon, kama barua yako imenionyesha mtu mwenyewe, atainuka polepole na kukutetea tena. Safari hii mwache.