Kichupa cha Ishirini na Moja

KITUO CHA POLISI, KWA VONZA
MAELEZO YA SHAHIDI
Alhamisi, 13 Februari 1997, saa moja na dakika ishirini asubuhi

Jina: Syombua Mutie. Umri: miaka 34. Kazi: fundi wa maabara, kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo. Makao: hapa Kwa Vonza, nyuma ya kanisa.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Naomba tuandike haraka kwa sababu leo saa nne mbuzi 164 wa Bwana Sugow, mfanyabiashara wa mifugo, watapigwa risasi huko Kanyangi kwa karatasi iliyotoka maabara yetu. Karatasi hiyo si ya kweli.

Kazi yangu ni kutengeneza vipande vya DNA. Koplo anayeandika ameniuliza hiyo ni nini. Ni maandishi ya mwili, yale yanayofanya mbuzi awe mbuzi na kijidudu kiwe kijidudu. Mashine yetu ina chupa nne za dawa. Mimi huiandikia mpangilio ninaotaka, nayo huunganisha herufi moja baada ya nyingine mpaka kipande kikamilike. Kikikauka ni vumbi jeupe kidogo ndani ya kichupa, chini kabisa. Hakiwezi kuambukiza mtu wala mnyama.

Mnamo tarehe 5 Februari, siku ya Jumatano, nilimaliza kipande kinachofanana na cha homa ya mapafu ya mbuzi. Mkubwa wangu, Daktari Nzomo, alikitaka kiwe cha kulinganishia: kipimo kikikiona, tunajua kipimo kinafanya kazi. Saa nane mchana nilikifungua mezani nikitie maji. Joto lilikuwa kali, na feni ilikuwa inazunguka juu yangu. Hiyo feni niliiomba mimi, kwa barua, mwezi wa Januari. Nilipochungulia, ule weupe sikuuona tena. Nikadhani umeshika kwenye kifuniko, nikatia maji, nikaendelea. Hapo ndipo nilipokosa, na naomba iandikwe hivyo.

Ijumaa tarehe 7 lori la Bwana Sugow lilisimamishwa Kanyangi kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa anakohoa. Tuliletewa makamasi ya mbuzi ishirini. Jumatatu tarehe 10 niliyapima kwenye meza ileile. Vichupa ishirini vilikuwa vya mbuzi. Cha ishirini na moja kilikuwa na maji matupu, ambayo hayatakiwi kuonyesha kitu chochote. Saa tisa tulipiga picha ya majibu. Kila kichupa kina mstari wake, na penye ugonjwa mstari huwaka. Mistari yote ishirini ya mbuzi iliwaka. Wa ishirini na moja nao uliwaka.

Nikamwambia, "Daktari, maji yana homa ya mapafu."

Akasema, "Syombua, mbuzi anakohoa. Unataka kubishana na kikohozi? Hawa mbuzi wa kutoka huko juu kaskazini ni hivyo tu. Na wafadhili wanakuja Friday."

Akachukua makasi, akakata ule ukingo wenye mstari wa maji, akautupa kwenye ndoo ya takataka. Picha iliyobaki akaibana kwenye fomu. Huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha nisipime kitu chochote bila kichupa cha maji. Alipotoka niliuokota ule ukingo.

Jumanne nilipangusa kwa pamba vitu ambavyo havijawahi kukutana na mbuzi: kitasa cha mlango, mkoba wangu, na kitabu changu cha nyimbo za kanisa ambacho hukaa ndani ya huo mkoba. Nikavipima. Vyote vilionyesha homa ya mapafu: feni ilikuwa imepeperusha lile vumbi langu kila mahali. Niliogopa sana. Nilinawa mikono mpaka ikauma, na bado nikaona nimeibeba. Sikumwambia mtu. Nina watoto watatu na kazi ni hiyo moja.

Jana saa kumi jioni nilimkuta Bwana Sugow amekaa langoni na barua mkononi. Akasema, "Mama, mimi Kiingereza sijui. Hii imesema nini?" Nikamsomea kwamba mbuzi wake wote watauawa. Alimimina chai kutoka kwa thamosi, akainywa yote mbele yangu.

"Hii ni maziwa yao," akasema. "Wiki mzima nakunywa. Ule moja ilikohoa vumbi ya barabara, saa hii imenyamaza. Hiyo mashine yenu imeona nini?"

Nilimwambia nina haraka. Aibu ya jibu hilo ndiyo imenileta hapa.

Natoa ule ukingo wa picha uwe kielelezo. Naomba mbuzi wapimwe upya, mahali pengine, mbali na meza yangu. Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa, na ni sawa.

(Sahihi) S. Mutie

MAANDISHI YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Koplo Mwangangi, na kumaliza saa mbili na robo. Kielelezo, kipande kimoja cha picha, nimekipokea. Saa mbili na dakika ishirini nimepiga simu Kanyangi. Askari wa zamu amesema kazi ilianza saa moja na nusu badala ya saa nne, kwa sababu ya joto. Wamebaki mbuzi tisa. Nimemwambia asimamishe. Ameniuliza kwa amri ya nani. Shahidi yuko nje kwenye benchi, anangoja jibu.