Gari Dogo, Gari la Kati, na Kofia ya Mzee Wanjala

Kitale, Jumamosi, Aprili 1994

Mvua ilianza saa tisa na sasa imebaki kudondoka kutoka kwenye mabati, tone baada ya tone. Majirani wote wamekwisha kupanda mahindi. Mimi bado. Niwie radhi, daftari langu, kwa kukuacha bila neno siku tisa nzima. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka hata wewe ulijue.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo kwa wino ili nisiweze kulifuta. Miaka yote niliyofundisha niliwakemea watoto waliotamani kalamu za wenzao, na leo, mzee ninayeamkiwa shikamoo na watu nisiowajua, nalitamani gari la Mzee Wanjala. Nasema gari kwa ajili ya adabu tu. Gari lenyewe lingeweza kuozea chini ya mti nisijali. Linaloniuma ni nani huketi ndani yake.

Mama Agripina ni mjane, fundi wa kushona sare za shule hapa mjini, na kanisani huketi safu ya tatu upande wa dirisha. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, Mzee Wanjala humpeleka Kabuchai, upande wa Bungoma, akamwone mama yake ambaye sasa hatambui tena watu wengi. Wanjala alifiwa na mkewe kama mimi. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, na gari lake ni la ukubwa wa kati, rangi ya samli, milango minne. Humfungulia Mama Agripina mlango wa nyuma, kisha huufunga kwa vidole viwili kama mtu afungaye kitabu cha sala. Kwenye kiti cha mbele, ubavuni pake, huweka kofia yake.

Nimeitazama kofia hiyo kwa miezi kumi.

Tabitha, marehemu mke wangu, unisamehe kwa kuyaandika haya juu ya meza uliyoichagua wewe. Ulikuwa ukisema mimi huomba radhi kabla ya kukosa. Safari hii nimekosa kwanza.

Niliamua kununua gari. Nilijifunza kuendesha zamani, katika lori la misheni, na leseni yangu ingali hai kuliko mimi. Nikamwambia Mama Agripina kwamba ningependa ushauri wake kuhusu viti, kwa kuwa macho ya wanaume huishia kwenye injini. Ulikuwa uongo uliovaa nguo safi.

"Nitakuja, Mwalimu," alisema. "Lakini mimi chombo ninachokijua ni cherehani."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Muuzaji katika yadi ya magari yaliyotumika niliyoichagua ni Kizito, na Kizito ndiye aliyemwoa binti wa pili wa Mama Agripina. Nilijua. Nisingeweza kutojua! Siku ya mazungumzo ya mahari, kule Kabuchai, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kikao. Jina la Kizito nililiandika kwa mkono huu, nikala na kuku. Na siku ya Alhamisi nilipatana na Kizito huyo huyo kwamba nitakuja kuyajaribu magari mawili. Lakini kichwa kilichojaa kofia ya mtu mwingine hakina nafasi ya kitu kingine chochote.

Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, wala hawakai pamoja mahali pa kubanana. Na hakuna mahali pa kubanana kama ndani ya gari.

Tulipoingia yadi leo asubuhi, Kizito alikuwa akija mbio na funguo mkononi, uso wote tabasamu la biashara. Akamwona aliyekuwa nyuma yangu. Sijapata kuona kijana mnene akigeuka upesi namna ile. Alijitupa nyuma ya trekta bovu, nasi tukabaki tukitazama viatu vyake chini ya magurudumu. Mama Agripina alijifunika leso kichwani na kuugeukia ua wa mabati.

Askari wa mlangoni alicheka hadi akashika magoti. "Mwalimu, leo umeleta mnunuzi ama umeleta kesi?"

Nilitamani ardhi inifunike. Nilimwomba radhi Mama, nikaliomba radhi trekta, nikamwomba radhi hata askari.

"Mwalimu!" ilitoka sauti nyuma ya trekta. "Mwambie Mama namsalimia sana!"

Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake, lakini nilitimiza wajibu wangu. "Mama, unasalimiwa."

"Mwambie nimepokea," Mama aliuambia ua. "Na muulize kama mtoto alipona kikohozi."

"Mwambie alipona, ati sasa ni kelele tu!"

Hivyo wakazungumza kupitia kwangu, kwa heshima kamili. Kisha likaja swali la majaribio. Kanuni ya yadi ni kwamba gari halitoki bila muuzaji kuwemo. Viatu vya Kizito vilisogea huku na huku, nadhani akiipima kazi yake na ukwe wake.

"Mwalimu, tajiri anataka niende na nyinyi," alisema hatimaye. "Lakini tajiri si Mbukusu, hawezi kuelewa. Naweka funguo kwa boneti. Zote mbili. Usifike Kachibora, tafadhali, geuka mapema!"

Kwa hiyo mila ile ile niliyoisahau ndiyo iliyonipa kile ambacho nisingethubutu kukiomba: barabara, na Mama Agripina, na hakuna mtu wa tatu.

Tulianza na gari dogo. Ni jekundu lililochujuka, lenye milango miwili tu, na ili ufike nyuma yakupasa kukikunja kiti cha mbele na kupenya.

"Huko nyuma niingizweje, Mwalimu?" aliuliza. "Kama barua kwenye sanduku?"

Akaketi mbele. Kofia yangu iligusa dari, nikaivua, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuiweka, aliipokea akaipakata. Niseme kwa haki: gari lile ni jepesi. Kwenye njia panda ya kuelekea Kipsongo nililigeuza kama unavyokigeuza kikombe juu ya kisahani. Lakini kila shimo lilitufikia mgongoni, gia ya pili ni kaidi, na injini hupiga kelele hata ikabidi tuinue sauti. Mama akainua yake. Alinieleza habari za vifungo vya sare vinavyopasuka, na jinsi mama yake siku hizi anavyomwita kwa jina la shangazi aliyekufa, naye huitika tu ili asimhuzunishe. Alicheka mara mbili. Kila nilipobadilisha gia kiwiko changu kiligusa chake, na kila mara niliomba radhi.

"Mwalimu," alisema mara ya tano, "ukiendelea kuomba radhi tutafika Kachibora ungali gia ya pili."

Hatukufika Kachibora. Nilikumbuka sauti ya nyuma ya trekta, nikageuza.

Kisha gari la kati. Hapa sina budi kuungama. Alhamisi nilimwambia Kizito nalitaka hilo kwa sababu ya nafasi ya magunia. Si kweli. Ni rangi ya samli, milango minne, na ni pacha wa gari la Wanjala hata kwa umbo la taa. Nililitaka kwa sababu hiyo moja.

Tulipolifikia, kabla sijanyoosha mkono, Mama Agripina alifungua mwenyewe mlango wa nyuma akaketi. Hakufikiri. Mwili wake ulijua njia.

 Niliendesha kuelekea Kiminini, ambayo ndiyo njia ya kwenda Bungoma. Kwa kipimo chochote cha haki, lile ndilo gari bora. Mashimo hulipita chini bila salamu. Buti lake linameza magunia matatu. Usukani mtulivu, injini yanong'ona, na dari liko juu hata kofia ingekaa kichwani bila taabu. Habari za vifungo hazikuendelea. Nikainua macho kwenye kioo cha kutazama nyuma.

Alikuwemo humo kiooni, leso mabegani, kichwa amekiegemeza, macho yamekaribia kufumbika, na mashamba yaliyolimwa yakipita nyuma yake. Uso uliopumzika, usiomwogopa mtu wala kumngoja mtu. Na hapo nilielewa kwamba hiki ndicho anachokiona Wanjala. Miezi kumi, kwenda na kurudi, mwenzangu amekuwa na picha hii katika kioo chake, nami nilidhani ana gari tu.  Nilijiona mwizi aliyeingia nyumba ya jirani na kuketi kwenye kiti chake kutazama dirishani.

"Mzee Wanjala, pole pole hapo mbele," alisema kwa sauti ya usingizi. "Kuna tuta."

Nikapunguza mwendo. "Asante, Mama," nikasema.

Ndivyo nilivyofunzwa na mapadre: ukipigwa, ushukuru. Lakini niliendelea kwenda pole pole hata tulipokwisha kulipita tuta.

Yadini, viatu vilikuwa vingali chini ya trekta.

"Mwalimu, muulize Mama, amependa gani?"

"Mwambie mnunuzi ni Mwalimu," Mama aliujibu ua.

"Nitachukua lile dogo," nikasema. Sauti yangu ilinishangaza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekasirika.

"Dogo?" Kizito alisahau akachomoza kichwa, akakirudisha. "Mwalimu, hiyo ingine ndiyo ya heshima, bana! Hata Mzee Wanjala mwenyewe ana—"

Mama Agripina akakohoa. Kikohozi kimoja tu. Hakikupitia kwangu wala kwa mtu yeyote, na trekta likanyamaza kabisa.

Tulirudi mjini kwa miguu, kwa kuwa gari litakuwa langu baada ya karatasi kukamilika. Mvua ilikuwa ikikusanyika upande wa mlimani. Karibu na kibanda chake cha kushonea alisimama.

"Mwalimu, nilikuita jina la mtu. Nilijua nilipokwisha kulitamka. Samahani."

"Si neno, Mama." Uongo wa pili kwake.

"Kesho Mzee Wanjala atanipeleka Kabuchai. Nilishaahidi, na mama ananingoja, hata kama hajui anamngoja nani. Lakini mwezi ujao, utakuwa umeizoea ile gia ya pili?"

Nilisema nitakuwa nimeizoea. Nilisema mara tatu, nadhani.

"Basi na kofia yako hii." Akaitoa chini ya leso. "Niko nayo tangu gari la kwanza. Wewe hukuiulizia."

Sikuiulizia. Nilikuwa nimeendesha kichwa wazi hadi Kiminini na kurudi, nikimhesabia mtu mwingine kila alichonacho, na muda wote huo kofia yangu ilikuwa magotini pake, mahali ambapo kioo hakifiki.

Sasa iko hapa mezani, kando yako, daftari. Imebonyea kidogo pale alipoishika. Sijainyoosha.

Nisingependa kukudanganya na wewe, daftari, kwa hiyo naandika kwamba wivu haujaisha. Kesho baada ya ibada nitasimama langoni na kuona mlango wa nyuma ukifunguliwa, ukifungwa kwa vidole viwili, na gari la samli likishuka njia ya Bungoma na ule uso kiooni. Nitapunga mkono kwa adabu. Itaniuma, na nitastahili.

Lakini linalonisumbua zaidi ni la mwezi ujao. Miezi kumi ya mazoea haifutwi na gari jekundu. Siku hiyo, yeye akiwa ubavuni pangu na kofia yangu mapajani, tukikaribia tuta lile, nikisikia tena, "Mzee Wanjala, pole pole," je, nitakuwa na moyo wa kuitika kama anavyomwitikia mama yake, na kupunguza mwendo?