Tairi Linalochechemea Kwenye Njia ya Mipichi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba radhi, kwani najua kipindi chako ni cha mambo ya ndoa na mashamba, nami ni mzee wa miaka sabini na sita ambaye shida yake ni tairi, ila tangu mke wangu Ciwas alipovuka upinde wa mvua, kama tunavyosema huku mtu akifariki, redio yako ndiyo inayozungumza nami jioni. Nina pikipiki ya milimani inayonipandisha hadi kwenye mipichi aliyoipanda yeye juu ya korongo, mahali ambapo ukungu ukishuka maua huelea kana kwamba hayana matawi, na juzi nilifunga tairi jipya la nyuma kwa mikono yangu, nikakaza kwa uangalifu kile kibano cha ndani ya rimu kinachozuia tairi lisiteleze, ndipo nikajaza upepo, lakini karibu na valvu ukingo wa tairi umezama na haupandi. Nimelipaka maji matupu ili ukingo uteleze ukae mahali pake, kwa kuwa sabuni iliyobaki nyumbani ni kipande cha Ciwas chenye harufu ya kafuri, na kila nikikichukua najikuta nimekirudisha.

Nimemwota amekaa nyuma yangu, tukipanda ndani ya ukungu bila sauti ya injini, akaninong'oneza, "Mzee wewe, gurudumu lako linatembea kama shemasi aliyetoka arusini."

Jumapili binti yetu Yayut anakuja kutoka jijini Taizhong kuijaribu pikipiki mwenyewe, na amesema akihisi inayumba atachukua ufunguo na kunihamishia kwenye fleti yake. Simlaumu, ananipenda. Lakini mipichi inachanua.

Uniwie radhi kwa kukuchosha.

Wako mtiifu,
Batu Nokan

Mzee Batu,

Shikamoo. Radhi zako nimezipokea zote, sasa shika spana.

Umekaza kwanza kile kinachokazwa mwisho. Kibano kimeukandamiza ukingo, ndiyo maana umezama palepale. Toa upepo wote, legeza nati ya kibano hadi karibu na mwisho wake, ukisukume ndani. Kisha chukua kile kipande cha sabuni, ndiyo, hicho hicho, ukitoe povu, upake ukingo pande zote mbili. Ciwas alikuwa mtu wa kazi. Hakukuachia sabuni uitazame ikipasuka.

Jaza upepo polepole, uso ukiwa mbali, wala usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Utasikia mlio wa ghafla, pengine na wa pili. Usishtuke, ni tairi linakaa. Zungusha gurudumu ukiutazama ule mstari mwembamba wa ubavuni: uwe umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima, kushoto na kulia. Ukizama popote, toa upepo, paka povu, anza upya. Ukinyooka, punguza upepo hadi kiwango cha kuendeshea, ndipo ukaze kibano.

Likiendelea kukataa, mpelekee fundi. Ukithubutu kupanda korongo na tairi lililozama, huo ufunguo nitakuja kuuchukua mimi.

Na Jumapili usisimame mlangoni ukiomba radhi. Mpe Yayut ufunguo kabla hajaudai, aendeshe yeye, wewe ukae nyuma, mpande hadi kwenye mipichi. Mikono yako itakuwa inanukia kafuri. Akiitambua hiyo harufu ya mama yake, mwache azime injini mwenyewe, kama ilivyokuwa ndotoni mwako.

Mama Rimuy