Stuli Yenye Mikato Mitatu

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia marahaba, na leo afadhali, maana nimekuja na hasira.

Unakumbuka siku niliyofika chuoni kutoka Zombo na baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono? Mkuu wa chuo aliitazama miguu yangu iliyopooza, akasema useremala haunifai, nikasome ushonaji. Cherehani zenyewe za kukanyaga! Nikanyage kwa miguu ipi? Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukachukua msumeno, ukaikata miguu ya meza moja ya karakana mpaka ikawa kimo changu. Wenzangu wakaiita meza ya kuku. Ukaniambia, "Miguu ya meza nimekata mimi. Visingizio utakata mwenyewe."

Nikavikata. Wenzangu walisukuma randa kwa uzito wa mwili. Mimi niliposhindwa, ukanifundisha kuivuta ije kwangu. Ulifumba macho ukapitisha kiganja kwenye ubao wangu, ukasema, "Ubao hauulizi aliyeuranda alisimama au alikaa." Maneno hayo niliyaamini kuliko dawa za hospitali.

Kwenye mtihani wa vitendo nilitengeneza stuli ya mninga, bila msumari hata mmoja. Chini ya ubao wa kukalia nikakata mikato mitatu kwa patasi, alama ya magurudumu yangu. Tukaziacha kazi zetu stoo zisubiri wasahihishaji, wala hatukuziona tena. Kesho yake wasahihishaji walipoondoka, ukanipa mkono: "Umefaulu, fundi." Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Cheti nikakitundika kwenye karakana yangu hapa Mikumi, na mteja akiuliza, "Fundi yuko wapi?" namwonyesha cheti kwanza, halafu najionyesha mimi.

Mwezi uliopita nilikuja Rudewa kwenye msiba wako. Nimekaa mkekani na akina mama, miguu nimeifunika kanga, mtu akaipindua stuli moja kupisha sinia la wali. Nikaona mikato mitatu.

Nikamuuliza mkeo, "Mama, hii stuli imetoka wapi?"

Akanijibu kwa upole, maskini, hajui anaongea na nani. "Ya mwanafunzi wake mmoja mlemavu. Asubuhi ya kusahihisha aliibadilisha na nyingine aliyoitengeneza yeye, aliogopa binti wa watu asije akafeli. Aliipenda sana hii, aliikalia kila jioni. Hakutaka mtu mwingine aikalie."

Aisee, Mwalimu! Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nilijilinda na Mkuu, nikajilinda na vicheko vya wenzangu, kumbe aliyeniona siwezi ni wewe uliyenikatia meza. Mkuu alininyima wazi wazi. Wewe ulininyima huku umenishika mkono. Ningefeli, ningerudia mtihani. Sasa nirudie nini? Kazi iliyopata cheti ni yako, na mimi ndiye niliyejivuna nayo mbele ya wateja. Umenisaliti, sina neno jingine. Na bado nakupenda, ndiyo maana inauma hivi.

Nilimwomba Mama ile stuli, akanipa. Nimeigonga, nimeitikisa, nimeipindua kila upande. Hakuna kiungo kilicholegea. Cheti nimekishusha ukutani. Stuli iko mlangoni, wateja wanaikalia wakisubiri kazi zao.

Pumzika, Mwalimu. Ila siku tutakapoonana, kabla hujaniitikia shikamoo yangu, unijibu hili moja. Miaka sita uliikalia kila jioni, na huo mwili wako wote ulivyokuwa mzito, na haikulia hata mara moja. Asubuhi ile moja tu, ulishindwaje kuiamini?

Ni mimi,
mwanafunzi wako wa meza ya kuku