Swichi Niliyoipiga Msasa

Mama Nyamisi, mke wangu,

Watoto wamerudi makazini, dada yako amerudi Bunda, na nyumba hii ya Kitaji imebaki na mimi na redio za watu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri.

Unakumbuka miguu yako ilipogoma, nikakutengenezea ile swichi ya kusukuma kwa kidole, waya ukapita dirishani hadi kwenye kengele ya kibandani kwangu? Ulicheka sana. Ukasema, "Sasa fundi unaitwaga kama mhudumu wa baa!" Ukawa unaniita kutwa nzima: maji, mto, mara umenikumbuka tu. Hilo la mwisho nilijifanya silipendi.

Swichi ya kwanza niliikata kwenye kopo la maziwa. Unyevu wa ziwa ukaila kwa kutu ndani ya wiki chache. Nikaweka waya wa shaba, nao ukafanya kutu ya kijani, ikabidi usukume mara tatu ndipo kengele ilie. Mwisho nikang'oa vipande vya swichi ya kubadilishia mawimbi kwenye redio ya zamani, niliyoiokota Kabasa ikiwa imeshakufa. Vile vilikuwa shaba iliyopakwa fedha, na havikukuangusha hata siku moja.

Lakini vilikuwa vyeusi, na wewe unanijua, kitu cheusi siwezi kukiacha mezani. Nikachukua msasa. Ukaniambia, "Baba Nyamisi, acha tu. Si inalia? Unahangaikaga na vizima." Nikakujibu uniachie ufundi wangu. Nikasugua hadi vikang'aa, nikakuonyesha kwa majivuno.

Mimi fundi wa miaka yote hii nilisahau kwamba weusi wa fedha hauzuii umeme, na kwamba fedha yenyewe ni ngozi nyembamba tu. Nilikuwa nimeichuna yote. Shaba ya chini ikaanza kuota kijani polepole. Nikaona kengele imetulia siku mbili, na kila nikiingia nakukuta umesinzia, nikafurahi, nikadhani umepata nafuu na unalala vizuri.

Alhamisi ile mchana nilikuwa nalehemu spika, hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwako. Nilipoingia na uji, ulikuwa umeshaondoka. Siku tuliyokuzika Butiama, watu waliambiana kwamba ulienda usingizini, bila kumsumbua mtu. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi mteja akiniletea swichi nyeusi inayofanya kazi, namrudishia jinsi ilivyo. Mchana nauweza upweke, kwa kuwa kazi ipo. Jioni nikikaa peke yangu na sahani moja, hapo ndipo nashindwa. Nakukosa, mke wangu, na naogopa.

Kwa sababu nilipouinua mkono wako ili nikulaze vizuri, kidole kilikuwa bado juu ya swichi, na swichi ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho.

Nisamehe.

Mumeo,
Baba Nyamisi