Kavugho wa réception

Rafiki yangu Safi, uko? Kavugho, ule binti wa kwa tantine yetu, alipata kazi ya kujibu simu ku agence moja ya basafiri, Beni. Batu mia mbili baliweka dossier ya kuomba ile kazi.

Patron hakuangalia hata diplôme. Alisoma tu jina, akasema: «Anza kesho.»

Unajua kwetu jina inafuata namba ya mutoto mu kuzaliwa, baKavugho bako kila nyumba. Mais secrétaire mwenye alikuwa mbele yake naye alikuwa Kavugho. Balimuua ku barabara ya Mavivi. Patron hapendi baclients bajue kama alikufa.

Donc leo simu ikalia. «Allo, ni Kavugho.»

Mama mumoja akaomba arudilie jina. Kisha: «Mwanangu. Balizika sanduku yenye kufungwa, sikukuona. Nilikataa kulia.»

Safi, Kavugho wetu alishindwa kukata simu.

Njo akajibu: «Ndiyo, mama. Ni miye.»