Kamba Uliyonipa Nikapimie Friza

Mama yangu,

Shikamoo. Friza imefika nyumbani kwako Mvumi jana. Najua ungesema, "Heee, Danieli, imekuja kwa miguu?" Sema tu, mama. Nastahili.

Nimechagua ya kufungulia juu, ile ambayo umeme ukikatika baridi haitoki upesi. Mwaka mzima nilikuwa nakwambia kwenye simu, "Bado nachagua." Leo nimependa yenye droo, kesho naogopa kubwa itakula umeme. Hata mke sikumchagua hivyo! Wewe ulikuwa na sharti moja: paja la mbuzi liingie zima. Ukakata kamba ya katani urefu wa paja, ukanipa nikapimie dukani. Kila nilipofika dukani niliiacha mfukoni. Niliona aibu, mimi mtu wa ofisini Mtumba, kupima friza kwa kamba inayonuka mbuzi.

Nimekuja kuelewa baada ya kukuzika. Friza hukuitaka kwa ajili yako. Ulikuwa ukinunua mbuzi mzima mnadani kwa sababu nilisema, "Jumamosi nakuja." Jumamosi ikifika nina kikao, au gari limeharibika, au nimechoka tu. Nyama ukaichana vipande ukaianika, nyingine ukawagawia majirani. "Nikiwa na friza," uliniambia, "nyama itakusubiri." Nikacheka. Sikujua kwamba aliyekuwa akisubiri ni wewe. Nisamehe, mama. Nisamehe kweli.

Jana dukani niliitoa ile kamba. Muuzaji alicheka kidogo, kisha akanishikia ncha ya pili. Ikaenea, na nafasi ya kiganja ikabaki. Mdogo wangu Neema ameiweka friza pale kilipokuwa kitanda chako. Tukatia paja moja, zima, kama ulivyotaka. Nilipofunga mfuniko niliuinamia nikalia, Neema akaniacha nilie.

Leo Jumamosi tumelitoa, tukalipika kwa moto wa kuni, tukala na ugali wa uwele. Asubuhi nilifika tena kutoka mjini, kabla jiko halijawashwa. Ungeshangaa.

Lala salama, mama. Kamba yako nimeifunga kwenye kishikio cha friza, na sasa siionei aibu. Neema ataweka humo nyama yake ya wiki, apendavyo. Lakini nakuahidi, hakuna nyama itakayoganda humo ikinisubiri mimi.

Mwanao,
Danieli